Kuoka Skonzi Nyumbani

1. Mkate mdogo wa maziwa

Watoto, ninyi nyote mnajua mkate. Mnajua mkate mrefu unaotoka Goma ndani ya mifuko. Mnajua pia mandazi yanayokaangwa asubuhi kando ya barabara. Leo tutajifunza habari ya mkate mwingine. Ni mdogo, ni wa mviringo, na huokwa kwa muda wa robo saa tu. Jina lake ni skonzi.

Jina hili lilitoka mbali. Lilitoka Uskoti, nchi iliyo kaskazini ya Uingereza. Zamani watu wa huko walipika skonzi juu ya bamba la chuma lililowekwa motoni, maana nyumba nyingi hazikuwa na tanuri. Waingereza walipokuja Afrika ya Mashariki, walikuja na mkate huo na jina lake. Kenya na Tanzania watu husema skonzi mpaka leo. Lakini huko skonzi ya dukani mara nyingi ni mkate mdogo mtamu ulioumuliwa kwa hamira. Skonzi ya asili haina hamira. Inaumuka kwa njia nyingine, na njia hiyo inafaa sana nchi yenye ng'ombe.

Basi, inafaa Mushaki. Angalieni milima ya Masisi: majani mabichi kila upande, na ng'ombe juu ya majani. Jibini ya Masisi inasifiwa Goma, tena inapelekwa mpaka Kinshasa. Lakini kabla ya jibini kujulikana huku, mama zetu na bibi zetu walijua kutikisa maziwa katika kibuyu. Maziwa yaliyoganda yakitikiswa muda mrefu, yanatoa vitu viwili. Kitu cha kwanza ni siagi, inayokusanyika kama mabonge madogo. Kitu cha pili ni maziwa machachu yanayobaki chini. Skonzi inataka vitu hivyo viwili. Kibuyu kimoja kinatosha kutupa mafuta yake na maji yake.

2. Vitu vinavyotakiwa

Kusanyeni kwanza vitu vyote mezani. Mpishi anayetafuta chumvi wakati mikono yake imejaa unga huharibu kazi. Kwa skonzi nane tunahitaji vitu hivi:

Unga wa ngano, vikombe 2.
Bikaboneti, nusu ya kijiko cha chai.
Chumvi, robo ya kijiko cha chai.
Sukari, vijiko 2 vya chakula.
Siagi, vijiko 3 vya chakula.
Maziwa yaliyoganda au maziwa yaliyobaki katika kibuyu, robo tatu za kikombe.

Kikombe tunachosema ni kile kinachochukua robo ya lita. Asiye na kikombe cha namna hiyo atumie kikombe chochote cha ukubwa huo, lakini apime vitu vyote kwa kikombe kile kile. Hapo hesabu haitapotea.

Bikaboneti ni unga mweupe mwororo unaouzwa dukani katika vifuko vidogo. Watu wa Tanzania huuita magadi soda. Msizidishe! Bikaboneti nyingi haifanyi mkate kuwa mkubwa zaidi. Inaufanya uwe mchungu kama sabuni na kuwa na rangi ya manjano.

3. Kuchanganya

Nawa mikono kwa maji na sabuni. Chekecha unga pamoja na bikaboneti, chumvi na sukari. Bikaboneti isipoenea sawasawa, sehemu moja ya mkate itakuwa chungu na sehemu nyingine itakuwa ngumu.

Kisha tia siagi. Siagi iwe baridi, na katika baridi ya Mushaki jambo hilo si gumu. Isugue katika unga kwa ncha za vidole, upesi upesi, mpaka unga uonekane kama mchanga mnene. Usitumie kiganja, maana kiganja kina joto na kitayeyusha siagi.

Sasa fanya shimo katikati ya unga. Mimina maziwa yote mara moja. Koroga kwa kisu au kwa mwiko, si zaidi ya nusu dakika, mpaka unga ushikamane.

Hapa wengi wanakosa. Wamezoea kukanda unga wa mandazi kwa nguvu, nao wanakanda skonzi vile vile. Msifanye hivyo. Ndani ya unga wa ngano mna kitu kinachovutika kama mpira. Ukikanda, kitu hicho kinaungana na kuwa nyuzi nyingi zenye nguvu. Mkate wa hamira unazitaka nyuzi hizo, kwa sababu zinashika hewa kwa saa nzima au zaidi. Lakini skonzi ikikandwa sana inakuwa ngumu. Mkono mzito huharibu skonzi; mkono mwepesi huifanya iwe laini.

Weka bonge juu ya meza iliyonyunyiziwa unga. Lipigepige taratibu kwa mkono mpaka liwe na unene wa sentimeta 2 na nusu. Kata kwa mkebe mtupu wa nyanya uliooshwa vizuri, ambao ukingo wake haukati vidole. Bonyeza mkebe moja kwa moja chini, kisha uinue. Usiuzungushe, maana ukizungusha unaziba ubavu wa skonzi, nayo itainuka upande mmoja tu.

4. Mapovu yanatoka wapi?

Tufanye jaribio dogo. Tia maziwa yaliyoganda katika glasi, kisha tia bikaboneti kidogo kwenye ncha ya kijiko. Mnaona nini? Maziwa yanatoa mapovu na kupanda. Tia sasa bikaboneti ile ile katika maji safi. Hakuna kitu kinachopanda.

Sababu ni hii. Maziwa yaliyoganda ni machachu, maana yana asidi. Bikaboneti ikikutana na asidi inatoa hewa inayoitwa dioksidi ya kaboni. Ndiyo hewa ile ile inayotoa mapovu katika chupa ya limonadi. Ndani ya unga mapovu hayo hayawezi kukimbia upesi. Yanabaki humo kama vyumba vidogo vingi, na joto likija yanapanuka na kuinua mkate.

Hewa hiyo ina wasaidizi wawili. Msaidizi wa kwanza ni mvuke. Maji yaliyomo katika maziwa yakichemka, yanageuka mvuke na kuchukua nafasi zaidi ya mara elfu moja kuliko maji yenyewe. Msaidizi wa pili ni siagi. Vipande vyake vidogo vinayeyuka na kuacha nafasi tupu, na mvuke unaingia katika nafasi hizo.

Kwa hiyo mpishi asikawie. Mapovu yanaanza kutoka mara maziwa yanapogusa bikaboneti. Ukimaliza kukata skonzi kisha ukaenda kisimani kuzungumza na jirani, utarudi na kukuta hewa imekwisha potea. Tanuri liwe tayari kabla maziwa hayajamiminwa.

Hapa bikaboneti inaishinda hamira katika nchi ya baridi. Hamira ni viumbe hai, vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Baridi ikizidi vinafanya kazi polepole. Bikaboneti haina uhai, wala haisinzii kwa baridi.

Katika mwaka 1843 mtu mmoja wa Uingereza, jina lake Alfred Bird, alikuwa na mke ambaye hamira ilimdhuru. Bird alikuwa na duka la dawa, naye alijua habari ya asidi na bikaboneti. Alichanganya bikaboneti na asidi kavu katika unga mmoja, ili mke wake apate kula mkate ulioumuka. Unga wa namna hiyo unauzwa leo katika nchi nyingi za dunia. Sisi wenye maziwa machachu tunayo asidi yetu nyumbani, bila kuinunua.

5. Moto husafiri kwa njia tatu

Mwanafunzi mmoja aliuliza: «Mwalimu, moto uko chini ya sufuria. Namna gani unaufikia mkate juu?»

Mwalimu akamjibu: «Vizuri kuuliza, mwanangu. Moto ni msafiri, naye anazo njia tatu.»

Njia ya kwanza ni kugusana. Weka kijiko cha chuma katika uji wa moto, na baada ya muda mpini wake utakuunguza. Joto limepita ndani ya chuma. Vivyo hivyo chini ya skonzi hupata joto kwa kugusa bati.

Njia ya pili ni miali. Kaa mbele ya makala mekundu ya mbabula. Uso wako unapata joto, ingawa haugusi kitu. Mwenzako akipita katikati, joto linakatika mara moja. Joto hilo lilikuja moja kwa moja, kama nuru ya jua.

Njia ya tatu ni mwendo wa hewa. Hewa iliyopata moto inakuwa nyepesi na kupanda juu. Hewa ya baridi inashuka kuchukua mahali pake. Ndiyo maana moshi hupanda kwenye paa.

Tanuri lolote linatumia njia hizi zote tatu. Tofauti ni kipimo tu.

6. Tanuri dogo la umeme lenye upepo

Katika mji wa Goma kuna nyumba zenye umeme. Mwaka 2015 mtambo wa umeme ulifunguliwa Matebe, katika Rutshuru, unaoendeshwa kwa nguvu ya maji ya mto. Penye umeme, watu wengine wananunua tanuri dogo la kuweka juu ya meza. Lina ukubwa wa sanduku la nguo, mlango wa kioo, na nyuzi zinazowaka kwa wekundu. Baadhi ya matanuri hayo yana pia pangaboi ndogo ukutani, upande wa nyuma.

Pangaboi hiyo ni ya nini? Je, upepo haupozi chakula?

Fikirini asubuhi moja ya Mushaki. Hakuna upepo, nanyi mmesimama nje. Baridi iko, lakini mnaweza kuivumilia. Mara upepo unatoka mlimani, nanyi mnatetemeka. Je, hewa imekuwa baridi zaidi? Hapana. Mwili wenu ulikuwa umejifunika kwa hewa nyembamba yenye joto, kama blanketi isiyoonekana. Upepo umeivua blanketi hiyo.

Ndani ya tanuri mambo ni yale yale, lakini yamegeuzwa. Skonzi ni baridi, na hewa ni ya moto. Skonzi inajifunika blanketi ya hewa ya baridi yenye unyevu. Upepo wa pangaboi unaivua blanketi hiyo na kuleta hewa ya moto bila kupumzika. Kwa hiyo skonzi inaiva upesi zaidi, na rangi yake inakuwa sawasawa kila upande.

Kwa sababu hiyo, tanuri lenye upepo halihitaji joto kali sana. Kama tanuri la kawaida linataka digrii 220, lile lenye upepo litatosheka kwa digrii 200. Skonzi zitaiva kwa dakika 12 mpaka 15. Zipangeni zikiwa na nafasi ya vidole viwili kati yake, ili hewa ipite. Wala msifungue mlango kuchungulia katika dakika za kwanza. Hewa ya moto itatoka, na skonzi ambazo hazijakauka zitashuka.

Lakini tanuri hilo lina njaa kubwa. Tanuri la wati 1,500 linakula umeme sawa na taa 150 za wati 10 zikiwaka pamoja. Katika robo saa linamaliza umeme ambao ungewasha taa moja ya wati 10 kwa saa 37 na nusu. Kwa hiyo mwenye nyumba hodari hawashi tanuri kwa ajili ya skonzi mbili. Anajaza bati zima.

7. Tanuri la sufuria

Je, nyumba isiyo na umeme haitaoka skonzi? Itaoka. Hewa ya moto haiulizi imepashwa na umeme au na makala. Tutafanya tanuri kwa sufuria.

Tafuta sufuria kubwa, nzito, yenye kifuniko cha chuma kisicho na mpini wa mbao. Tia chini yake mchanga mkavu wa unene wa sentimeta 2. Mchanga unasambaza joto, nao unazuia makala yasiunguze sehemu moja tu. Juu ya mchanga weka vijiwe vitatu vilivyo vikavu kabisa. Jiwe lililotoka mtoni lisitumike, maana maji yaliyo ndani yake yakichemka linaweza kupasuka na kuruka. Juu ya vijiwe weka kibati chenye skonzi. Hewa itapita chini ya kibati na kando yake, kama inavyopita katika tanuri kubwa.

Lakini kabla ya kuweka skonzi, funika sufuria tupu yenye mchanga na uipashe moto kwa dakika 15. Kisha nyunyiza unga kidogo juu ya kibati kitupu, ukiweke ndani na ufunike. Baada ya dakika mbili au tatu, angalia. Unga ukiwa bado mweupe, joto halijatosha. Ukiwa mweusi, joto limezidi. Ukiwa na rangi ya kahawia, tanuri liko tayari.

Sasa gawa makala. Fungu moja libaki katika mbabula, chini ya sufuria. Mafungu mawili yawekwe juu ya kifuniko. Kwa nini juu yawe mengi? Kwa sababu joto la chini linapanda lenyewe na kuukuta mkate. Lakini joto la juu halipendi kushuka. Linakuja kwa miali tu, nayo inahitaji makala mengi. Asiyeweka makala juu atatoa skonzi nyeusi chini na nyeupe juu, kama mtu aliyevaa viatu bila kofia.

Subiri dakika 15 mpaka 20. Inua kifuniko kwa koleo, taratibu, majivu yasianguke juu ya mkate. Choma skonzi moja kwa kijiti safi. Kijiti kikitoka kikavu, imeiva. Mdogo asifanye kazi hii peke yake. Mama au dada mkubwa awe karibu.

8. Rangi ya mkate na urefu wa mlima

Chukueni bonge moja la unga, gawanyeni mara mbili. Nusu moja mwipike kwa mvuke, nusu nyingine mwioke. Zote mbili zitaiva. Lakini ya mvuke itabaki nyeupe, na ya kuokwa itakuwa na ngozi ya kahawia yenye harufu tamu. Mwaka 1912 mtaalamu mmoja wa Ufaransa, Louis Camille Maillard, alieleza jambo hilo. Sukari na protini zikipata joto kali, zinaungana na kufanya rangi na ladha mpya. Kazi hiyo inakwenda vizuri joto likipita digrii 140 hivi. Chakula kinachopikwa kwa maji au kwa mvuke hakifiki huko, kwa sababu maji yanachemka kwa digrii 100.

Digrii 100, ndiyo, lakini pwani. Ukipanda mlima, uzito wa hewa juu yako unapungua, na maji yanachemka mapema. Goma iko juu ya bahari kwa mita 1,500 hivi, na huko maji yanachemka karibu na digrii 95. Mushaki iko juu zaidi ya Goma, na huku yanachemka mapema zaidi. Ndiyo maana maharage yanakawia kuiva mlimani: maji yanachemka kwa kelele, lakini hayana joto la kutosha.

Mlima unaibadili skonzi pia. Hewa ya nje ikisukuma kidogo, mapovu ya ndani yanapanuka sana na kupasuka. Maji nayo yanakauka upesi. Kwa hiyo mpishi wa mlimani apunguze bikaboneti kidogo sana, na aongeze maziwa kijiko kimoja au viwili. Kitabu kilichoandikwa pwani hakijui mlima wako. Jaribu, angalia, kisha andika katika daftari kipimo kilichokufaa.

9. Hatari isiyo na harufu

Sikilizeni sasa kwa makini, maana neno hili ni kubwa kuliko mkate.

Usiku wa Masisi ni wa baridi. Baada ya kupika, makala ya mbabula yanabaki mekundu, na watu wengine wanaingiza mbabula ndani ya nyumba, wanafunga mlango na dirisha, wanalala. Hawaoni moshi, basi wanafikiri hakuna hatari. Wanajidanganya.

Makala yanayowaka mahali penye hewa chache yanatoa hewa nyingine, monoksidi ya kaboni. Haina rangi. Haina harufu. Damu yetu inachukua oksijeni na kuipeleka mwilini mwote. Lakini monoksidi ya kaboni inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Inakaa mahali pa oksijeni na haitaki kutoka. Mtu anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu, anataka kutapika, anasikia usingizi mzito. Akilala usingizi huo, anaweza asiamke tena. Watu wa nyumba nzima wanaweza kufa hivyo katika usiku mmoja.

Shikeni basi sheria hizi:

Choma makala nje, au mahali palipo wazi upepo upite.
Usilale kamwe katika chumba chenye mbabula inayowaka, hata ikiwa na makala machache.
Kabla ya kulala, toa mbabula nje na uzime makala kwa maji au kwa mchanga.
Watu wawili wakiumwa kichwa pamoja karibu na mbabula, wote watoke nje mara moja.
Ukimkuta mtu amezimia ndani, ita watu kwa sauti, fungua mlango na dirisha, mtoeni nje upesi, kisha mpelekeni hospitali. Usikae ndani kumwamsha.

Mtoto anayejua sheria hizi aziseme nyumbani kwa heshima: «Mama, mwalimu ametufundisha tusilale na mbabula.» Neno hilo moja linaweza kuokoa watu wote wa nyumba.

10. Makala si bure

Gunia la makala ni mti uliokatwa. Sehemu kubwa ya makala yanayochomwa Goma hutoka katika misitu ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, hifadhi ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika. Msitu unashika udongo na maji. Msitu ukiisha, mvua inachukua udongo wa mlima, na mnajua wenyewe jinsi mlima unavyoporomoka huku kwetu.

Mpishi mwenye akili anatumia moto mmoja kwa kazi nyingi. Kwanza anapika maharage. Kisha, makala yakiwa mazuri, anaoka skonzi. Baada ya skonzi, sufuria ikiwa bado ya moto, anaweka viazi ndani, vinaiva polepole kwa joto lililobaki. Mwisho anazima makala yaliyosalia na kuyatunza kwa kesho, yakiwa makavu.

11. Faida yake

Skonzi huliwa siku ile ile, ikiwa bado na joto. Ipasue kwa mikono, si kwa kisu. Paka siagi au asali, au weka kipande cha jibini. Kesho yake itakuwa imekauka, lakini ukiipasha moto kidogo inalika tena. Mwenye jibini anaweza pia kuikwangua na kuichanganya katika unga kabla ya maziwa. Hapo aache sukari.

Tena skonzi inaweza kuuzwa. Hapa hesabu ya shule inafaa. Andika bei ya unga, sukari, siagi, bikaboneti na makala. Jumlisha. Gawanya kwa 8. Hiyo ndiyo gharama ya skonzi moja. Anayeuza bila kujua gharama yake anafanya kazi siku nzima, na jioni anashangaa kuona mfuko mtupu. Hata maziwa ya ng'ombe wa nyumbani yana bei, maana yangeweza kuuzwa; msiyasahau katika hesabu.

Mwaka 2023 mapigano yalifika Mushaki. Watu wengi walikimbia kwa njia ya Sake na Goma. Waliacha nyumba, mashamba na ng'ombe. Mtu anayekimbia hawezi kubeba tanuri, wala meza, wala gunia la unga. Lakini anayejua kuoka kwa sufuria na makala machache hubeba kazi yake kichwani, na hakuna mtu wa kumnyang'anya njiani. Mahali popote atakapopata sufuria, unga na maziwa machachu, anaweza kuanza tena.

Kwa hiyo, watoto, jifunzeni kazi hii pamoja na sababu zake. Anayejua kipimo tu anaoka vizuri katika tanuri moja. Anayejua sababu anaweza kuoka katika tanuri lolote.

Maneno

Mbabula: jiko la kubebwa la kuchomea makala.
Makala: makaa ya miti.
Kuumuka: kujaa hewa na kuinuka, kama unga wa mkate.
Pangaboi: chombo chenye mabawa kinachozunguka na kuleta upepo.
Gharama: fedha zote zilizotumika kufanya kitu.

Maswali

1. Kibuyu cha maziwa kinatoa vitu gani viwili vinavyofaa skonzi?
2. Kwa nini haifai kukanda unga wa skonzi kwa nguvu?
3. Taja njia tatu za joto kusafiri. Toa mfano mmoja wa kila njia kutoka nyumbani kwenu.
4. Upepo wa mlimani unakutetemesha, lakini upepo wa tanuri unaivisha mkate upesi. Eleza kwa nini.
5. Kwa nini makala yawe mengi juu ya kifuniko kuliko chini ya sufuria?
6. Monoksidi ya kaboni inafanya nini katika damu? Taja sheria tatu za kujilinda nayo.
7. Hesabu: vitu vyote vya skonzi 8 vimegharimu faranga 2,400. Kila skonzi inauzwa faranga 400. Mpishi anapata faida gani akiuza 7 na kumpa mdogo wake 1?